Kesi ya Kiti Namba Tatu

Siku waliyoniaga kazini, mganga mfawidhi aliniomba niandike chochote cha kuwafaa wauguzi wanaobaki kwenye chumba chetu cha kusafisha damu. Nadhani alitegemea niandike juu ya uvumilivu. Uvumilivu sijawahi kuwa nao, na wote mliofanya kazi nami mnajua. Ninachoweza kuwaachia ni habari ya kiti kilichoshitakiwa, na homa iliyotupiga chumba kizima, na mzee mmoja wa Bombo aliyekaribia kufa kwa kuogopa kesi yake isifutwe. Someni wenyewe, msibandike ukutani.

Nilikuwa nesi wa wodi ya wanaume miaka mingi kabla mashine hazijafika hapa Same. Tulipoambiwa zinakuja, matroni alinichagua niende Moshi kujifunza kwa sababu, alisema, sina mtoto mchanga na siogopi damu. Hilo la damu hakuniuliza. Moshi nikakabidhiwa kwa Sista Beatha, mama mwembamba mwenye pua ambayo sijaiona tena kwa binadamu. Kabla hujamgusa mgonjwa alikuambia, "Lete mikono," akainusa. Asiposikia spiriti alikurudisha kwenye sinki mbele ya wagonjwa wote. Siku moja alimnusa daktari bingwa, akamrudisha vilevile, na yule bwana akaenda akinung'unika kama mtoto aliyenyimwa andazi.

Sista Beatha ndiye aliyenifundisha mpira wa shingoni. Nyinyi mnaujua, ila wauguzi wapya nao watasoma, basi nieleze. Figo zikifa, damu ya mgonjwa hutolewa, ikapitishwa kwenye mashine ikasafishwa, ikarudishwa, mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Njia nzuri ya kuitoa ni fistula, yaani mishipa miwili ya mkono iliyounganishwa na daktari chini ya ngozi. Njia ya haraka ni mpira unaochomekwa shingoni au kifuani. "Ncha ya huu mpira iko karibu na moyo," Sista Beatha aliniambia. "Ni mlango ulioachwa wazi kuanzia barabarani mpaka chumba cha kulala. Mlinzi ni wewe." Bakteria wakipita hapo wanaingia kwenye damu moja kwa moja, na damu inawapeleka wanakotaka: kwenye vali za moyo, kwenye mifupa, popote.

Nikarudi Same na mikono inayonuka spiriti. Tulikuwa na mashine nne, viti vinne vya kulalia vya rangi ya bluu, na kiyoyozi kimoja. Kiyoyozi kile kilikuwa na hali mbili tu: kuzimwa na baridi ya kilele cha mlima Shengena. Fundi alikuja akakifungua, akakitazama, akakifunga, akasema kiko sawa. Upepo wake wote ulishukia kiti namba tatu. Nje Same inawaka jua, mbuzi wamejificha kwenye kivuli cha magari, na ndani mgonjwa wa namba tatu anatetemeka meno. Mkumbuke pia kwamba damu ikizunguka nje ya mwili inapoa, kwa hiyo hata mtu wa milimani aliyezoea baridi aliishia kuomba blanketi.

Sasa niwaambie juu ya kundi la asubuhi la Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kiti namba moja alikaa Alhaji Sufiani, mfanyabiashara wa vitambaa pale barabara kuu, ambaye babu zake walikuwepo Same kabla ya hiyo barabara. Alhaji alilala usingizi tangu tunamwunganisha mpaka tunamtoa. Kiti namba nne alikaa Bibi Nakiete, mjane wa makamo ya kuheshimika, mwenye fistula nzuri kuliko zote nilizowahi kuchoma sindano na ulimi usiochoka. Namba mbili na namba tatu walikaa kwa kubadilishana wagonjwa wenye mipira ya shingoni. Wawili kati ya hao nitawataja: Upendo, mama wa watoto wawili aliyeuza nyanya stendi, na Mzee Mbonea, mkulima wa tangawizi kutoka Bombo ya huko milimani, ambaye kwa ajili ya matibabu alihamia kwa binti yake hapa mjini.

Mimi ni Mpare, naruhusiwa kusema: sisi tunapenda kesi. Watani wetu husema Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku, na hawajakosea sana. Mzee Mbonea alikuwa ameshitaki jirani kwa mfereji, kanisa kwa kengele, na shemeji yake kwa jogoo. Alikataa kuwekewa fistula kwa sababu yeye ni wa shoto, na daktari alitaka kuiweka mkono usiofanya kazi sana, yaani wa kulia.

"Huo ni mkono wa kuapia," alisema. "Mkishautoboa nitaapa na nini?"

Sasa mpe mtu kama huyo saa nne za kukaa mahali pamoja, mara tatu kwa wiki, na watu ambao hawawezi kuondoka. Chumba kikageuka mahakama. Walianza na kesi ya rimoti ya televisheni. Ikafuata kesi ya nani alimwambia mtaalamu wa lishe kwamba Mzee Mbonea bado anakula makande kwa siri, na unajua makande yana maharage, na maharage kwa mtu wa figo ni hatari kwa moyo. Alhaji walimfanya hakimu kwa kauli moja. Mzee Mbonea alitoa sababu: hakimu anayelala hawezi kumpendelea mtu. Kesi zikisikilizwa, mwishoni wanamwamsha, wanamweleza kwa kifupi, anatoa hukumu, analala. Niliona hukumu zake ni za haki kuliko nyingi.

Tulicheka sana miezi ile. Halafu homa ikaingia.

Alianza mgonjwa mmoja. Nusu saa baada ya kumwunganisha akaanza kutetemeka mpaka kiti kikagonga ukuta, joto likapanda, presha ikashuka. Tukachukua damu ya kupeleka maabara ya Moshi kuotesha vijidudu, ndipo tukaanza dawa ya kuua bakteria. Mfuate utaratibu huo siku zote: damu kwanza, dawa baadaye, na vyote upesi. Akapona. Wiki haijaisha akafuata mwingine. Kisha Upendo.

Upendo hakupona. Bakteria walikwenda kwenye vali za moyo, na moyo wenyewe ulikuwa umeshachoka. Alipelekwa Moshi akiwa bado anatutania kwamba tumwekee kiti chake, na hakurudi. Nililia kwenye stoo ya maji ya mashine, mlango nimeufunga, kwa sababu kundi la mchana lilikuwa linasubiri. Bibi Nakiete alikuwa akimwita mwanangu. Baba wa wale watoto hajulikani alipo, basi Bibi Nakiete akaenda akawachukua, akakaa nao kwake.

Jumatano iliyofuata hakuna aliyegusa rimoti. Ndipo Mzee Mbonea aliposafisha koo.

"Nashitaki kile kiti," alisema, akionyesha namba tatu. "Kimemuua Upendo. Na mimi kimenitia homa, na sasa kimenivunja mgongo."

"Mzee, kiti hakina meno," nikamwambia.

"Hata barabara haina meno, Sista, na inaua watu kila siku."

Tungeweza kucheka, ila hilo la mgongo lilinishtua. Alikuwa amepata homa kama wenzake, tukampa dawa, homa ikashuka. Lakini mgongo ulikuwa unazidi kumuuma, hata akilala, na ukimgusa pingili moja ya chini anaruka. Mtu mwenye mpira shingoni, aliyepata homa, kisha analalamika mgongo: msimpe dawa ya kuchua mkamwambia ni uzee. Bakteria hupenda kukaa kwenye pingili za uti wa mgongo. Daktari wetu, kijana mpole aliyetokea Mwanza, alimpima, akamwambia waziwazi.

"Mzee wangu, lazima uende Moshi leo. Huu mpira utolewe, na upigwe picha kubwa ya mgongo. Ukichelewa unaweza kupooza miguu. Unaweza kufa."

"Kesi inasikilizwa lini?" Mzee Mbonea akauliza.

"Kesi ipi?"

"Mdai akiwa hayupo, kesi inafutwa. Nilifanyiwa hivyo ile ya jogoo. Siondoki mpaka hukumu itoke."

"Na ukifa?"

"Binti yangu ataendelea nayo."

Jamani! Mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu uji ulikuwa unakataliwa na wakili. Binti yake alikuja akapiga magoti akamwomba. Mchungaji akaja. Mzee akawajibu kwa adabu, marahaba kwa kila shikamoo, na akabaki palepale. Usiniulize kwa nini hatukumbeba kwa nguvu. Mtu mzima mwenye akili timamu humbebi, na ukimbeba atakushitaki. Daktari akaanza dawa kwa wingi zaidi, akanivuta kando. "Sista, huyu mzee anatufia kwa sababu ya kiti. Fanya kesi isikilizwe Ijumaa."

Ijumaa ikasikilizwa. Mshitakiwa alihitaji mtetezi, nikawekwa mimi, kwa hoja kwamba kiti ni cha serikali na mimi ni wa serikali. Mzee Mbonea, akiwa ameunganishwa kwenye mashine namba mbili na uso umekunjamana kwa maumivu, akatoa hoja zake. Kila aliyepata homa alikuwa amekaa namba tatu. Alhaji hajakaa namba tatu, hana homa. Wa kundi la mchana wanakaa palepale, lakini kiyoyozi kinazimwa umeme ukipungua, na hawana homa. Kwa hiyo kiti kinadhuru kikiwa na baridi.

Nilisimama kukitetea, nikakaa tena. Hoja zake zilikuwa sahihi zote. Daktari alikuwa mlangoni, amekunja mikono, ameacha kutabasamu.

"Nina shahidi," Mzee Mbonea akasema. "Bibi Nakiete. Yeye jirani yake. Anaona kila kitu."

Bibi Nakiete akajiweka sawa. Alikuwa amengoja siku hiyo.

"Kile kiti nakijua," alisema. "Kina baridi ya kaburi. Ndiyo maana kila anayekikalia namvika skafu yangu. Nyie manesi mkishamaliza kuunganisha mkaenda kwa mwingine, mimi nanyoosha mkono huu usio na sindano, namfunga shingoni vizuri, mpira wote uingie ndani usipigwe na ule upepo. Mzee Mbonea nimemfunga. Upendo nilimfunga kila siku mpaka siku ya mwisho. Nisingekuwa namfunga, angekufa mapema zaidi."

Skafu ilikuwa mapajani mwake, ya sufu, ya kahawia, aliifuma mwenyewe mumewe alipokuwa hai. Wote tulikuwa tunaiona kila siku, na kila siku tulisema Bibi ana roho nzuri.

"Bibi, unaifua na nini?" daktari akauliza kwa sauti ndogo.

"Sufu haifuliwi, mwanangu. Ukifua inajikunja. Naianika juani, inatosha."

Daktari akanitazama, nami nikamtazama. Jasho la shingo za watu, usaha mdogo mdogo wa vidonda, bandeji zilizolowa, vyote vimehama kutoka mlango mmoja wazi kwenda mwingine, vikiwa vimefungwa vizuri visipigwe na upepo. Yeye mwenyewe hakuwa na mpira. Alikuwa na fistula, ngozi nzima, hakuna pa kuingilia. Ndiyo maana hakuwahi kupata homa hata siku moja.

Lakini kwanza mzee aende Moshi. Nikamwamsha hakimu mwenyewe.

"Mheshimiwa, mdai anasema kiti kimemvunja mgongo. Ushahidi uko ndani ya mgongo, na hapa Same hatuna mashine ya kuutazama. Naomba kesi iahirishwe, isifutwe, mpaka mdai alete picha kutoka Moshi. Na ile skafu ichukuliwe nayo kama kielelezo, maana imegusana na mshitakiwa."

Alhaji akafikiri, macho yamefumbwa. "Imeahirishwa," akasema. "Haitafutwa hata mdai akikaa Moshi mpaka Idi. Mzee, kalete picha."

Mzee Mbonea aliondoka siku ileile kwa gari la wagonjwa, ameridhika kabisa. Bibi Nakiete alinikabidhi skafu kwa mikono miwili, akaniambia niitunze. Niliifunga kwenye mfuko, nikamsimamia mwenyewe aliyeipeleka maabara. Wale vijana wa maabara waliuliza kama ni utani. Majibu yaliporudi, vijidudu vya kwenye skafu vilikuwa aina ileile iliyoota kwenye damu ya Mzee Mbonea, na dawa zinazoviua ni zilezile na zinazoshindwa ni zilezile. Vya Upendo navyo vilikuwa hivyo.

Daktari alipeleka taarifa ya kweli kunakohusika, na tukapiga marufuku nguo ya kuazimana siku hiyohiyo. Ila wagonjwa wenyewe walikuwa bado hawajaambiwa sababu. Kila nilipojiandaa kusema, Bibi Nakiete alikuwa ananieleza watoto wa Upendo wamekula nini asubuhi, na yule mdogo kaanza kumwita mama.

Nilikwenda Moshi kumwona Mzee Mbonea. Mpira ulikuwa umetolewa, mwingine umewekwa upande wa pili, na picha ilikuwa imeonyesha bakteria kwenye pingili mbili za chini. Wiki kadhaa za dawa, mkanda mgumu wa kiunoni, lakini miguu ilikuwa inatembea. Nikamwambia yote. Niliona yeye ndiye mdai, ana haki. Tena nilitaka ajue kwamba hoja zake zilikuwa karibu sana na ukweli.

Alijivuta akaa vizuri kitandani.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Daktari na wakubwa wake."

"Bibi mwenyewe je?"

"Bado."

"Na watoto wa Upendo wako kwake."

"Wako kwake."

Akageuka ukutani kwa shida, kwa sababu ya mkanda. "Sista, usimwambie mtu. Shauri likiwa mahakamani halisemwi mitaani."

Aliporudi Same alitembea mwenyewe na fimbo, picha kwapani. Nilimwunganisha. Nilimjua. Mtu yule asingeacha ushindi upite mbele yake, na ushindi aliokuwa nao sasa ulikuwa mkubwa kuliko wote wa maisha yake: alikuwa na ugonjwa, ushahidi, na mkosaji aliyekaa hatua mbili kutoka kwake akimkaribisha na kumuuliza kama Moshi walimpa uji. Nilitaka kumziba mdomo. Akasafisha koo, akaomba hakimu aamshwe.

Akainua picha dirishani. Aliishika juu chini, lakini sikumsahihisha.

"Mnaona hapa?" akasema, akigusa doa jeupe. "Hii ni alama ya kiti. Sponji yake imeoza ndani. Vijidudu vinatoka humo, vinapanda kwenye nguo yoyote inayokigusa, vinaingia kwenye mpira. Madaktari wa Moshi wamethibitisha."

"Naiona kabisa!" Bibi Nakiete akasema.

"Naomba kiti kitolewe. Naomba skafu ya Bibi ichomwe moto, maana kimeichafua, masikini, haina kosa. Na naomba kuanzia leo mpira wa mtu usifunikwe na nguo ya mwingine, ufunikwe na bandeji safi ya nesi peke yake. Ukifunguliwa, nesi avae barakoa na mgonjwa avae barakoa. Ukilowa, mgonjwa aseme. Na kile kiyoyozi kigeuziwe ukutani." Vyote alivifundishwa Moshi, akavikariri bila kukosea.

Alhaji akanigeukia. "Mtetezi wa mshitakiwa, una la kusema?"

Nilikitazama kile kiti. Sponji yake ilikuwa nzima, niliifuta kwa dawa kila asubuhi kwa mikono yangu. Kisha nikamtazama Mzee Mbonea, aliyekuwa ananikazia macho.

"Mshitakiwa anakiri kosa," nikasema.

Kilibebwa na wahudumu wawili. Kilipopita mbele ya Bibi Nakiete alinyoosha mguu akakipiga teke, akaanza kulia kwa sauti. "Kumbe wewe ndiye uliyemuua mwanangu," alikiambia. Mzee Mbonea alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamdondokea kwenye ile picha.

Homa ziliisha. Ameshaaga dunia Bibi Nakiete, kwa amani, nyumbani kwake, na wale watoto, ambao sasa ni wakubwa, ndio waliotupa udongo wa kwanza. Tulipokuwa tunatoka makaburini nilimwuliza Mzee Mbonea kama sasa tunaweza kukirudisha kiti chumbani. Nilikuwa bado kazini, na viti havitoshi.

"Hapana," akasema. "Wale watoto ipo siku watakuja kuuliza nini kilimuua mama yao."

Kwa hiyo kiko stoo, nyuma ya madumu ya maji. Msikitupe. Wakija, wapelekeni mkawaonyeshe.